Breki ya Mkono ya Injinia Wahdan

Wahdan Raslan aliidharau Kairo tangu siku ya kwanza alipoingiza gari lake barabarani, na hakuidharau kimoyomoyo. Aliidharau kwa sauti, dirisha wazi, kidole juu kama mwalimu wa zamu.

"Mstari!" aliwapigia kelele. "Mnauona huo mstari mweupe? Umechorwa kwa rangi ya serikali, si kwa mate!"

Watu wa Kairo walimtazama kwa huruma, wakampita, wengine kulia, wengine kushoto. Mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli, sinia zima la mikate kichwani, alimpita huku akimpungia mkono.

Hakuwa mtu wa mji ule. Alizaliwa Dumyati, kwa maseremala, akaondoka kijana kwenda Abu Dhabi, na huko akafanya miaka thelathini ya ukaguzi wa usalama katika kampuni ya saruji. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wavae kofia ngumu. Alipostaafu, mkewe Ilham, mtoto wa Kairo hasa, alirithi nyumba ya mama yake mtaa wa Hadaik el-Kubba, basi wakahamia wote: Wahdan, Ilham, binti yao wa pekee Rihab, na gari lao la rangi ya fedha lililokuja kwa meli likiwa limefunikwa turubai. Mtaani wakamwita Injinia, maana Kairo kila mwenye miwani na shati la pasi ni injinia. Hakuwa injinia. Hakuwasahihisha pia, na hilo likawa kosa pekee la wenyeji alilolivumilia bila kunung'unika.

Mengine yote yalimchefua. Honi, kwa mfano. Kule alikotoka honi ni ya hatari, na yeye alikumbuka kuipiga mara moja tu ya maana, kwa ngamia. Hapa honi ni ulimi. Fupi moja, nipo ubavuni mwako. Mbili, ahsante. Ndefu, umelala au umekufa? Halafu iko ile ya mapigo ya kuruka, ambayo Wahdan alipigiwa wiki nzima kila alipokuwa amesimama kwenye mzunguko wa barabara akingoja apishwe, naye akawa anainamisha kichwa kwa adabu na kutabasamu.

"Baba, usitabasamu," Rihab alimwambia siku moja, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hiyo wanakutukania mama yako."

"Mama yangu? Bibi yako? Kwa honi?"

"Kwa honi. Ina maneno yote."

Rihab yeye aliuelewa mji haraka. Alikuwa anaingiza pua ya gari katikati ya mabasi mawili kama anayepenyeza sindano. "Hapa hawakupi nafasi, Baba. Unaichukua, halafu unasema ahsante." Wahdan alishika mpini wa mlango, akafumba macho, akasema kwamba hakusomesha mtoto ili awe mwizi wa nafasi.

Ilham naye alimwambia mara moja tu, huku anachambua majani ya mboga ya mlukhiya: "Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho."

"Mimi jicho langu nimelilinda miaka thelathini," alijibu. "Wao ndio watafute daktari."

Na ili wasiseme hawakuambiwa, alikwenda kwa fundi wa mabango akachapisha stika kubwa, akaibandika kioo cha nyuma: USTAARABU NI KUMFIKIRIA ALIYE NYUMA YAKO. Alisimama nyuma ya gari lake mwenyewe akaisoma mara mbili, akaridhika.

Lakini hakuna kilichomuudhi kama maegesho. Mitaa ya Kairo haitoshi magari yake, kwa hiyo watu huegesha safu mbili: ya kwanza kando ya ukuta, ya pili imeifungia ile ya kwanza. Anayeegesha safu ya pili anaacha gari frii, bila gia, breki ya mkono chini, anakwenda zake. Wa ndani akitaka kutoka, gari lako linasukumwa mbele kidogo au nyuma kidogo, anatoka, maisha yanaendelea. Kila mtaa una mtu wake wa kusimamia msukumano huo. Wa mtaa wao alikuwa Shalabi, mnene, taulo begani, mdomo usiokauka.

Asubuhi moja Wahdan alishuka akakuta gari lake limehama. Lilikuwa mbele ya duka la mchinjaji, na kwenye boneti kulikuwa na alama ya kiganja.

"Nani amegusa gari langu?"

"Mimi, pasha," Shalabi alisema kwa fahari, akimwita kwa cheo cha mabwana wakubwa. "Daktari wa ghorofa ya pili alitaka kutoka. Nimelisukuma taratibu, kama mtoto wangu."

"Umelisukuma! Mali ya mtu! Bila ruhusa!"

"Ruhusa si ulinipa mwenyewe? Ulisahau kuvuta mkono."

Tangu siku hiyo Wahdan hakusahau tena. Akawa anaivuta ile breki hadi inalia, anatia gia, anafunga usukani kwa chuma cha njano, anawasha king'ora. Daktari wa ghorofa ya pili akakosa kwenda kazini mara mbili. Mwenye duka la vioo akapanda ngazi zote mpaka kwao akiwa na ndara, akagonga mlango, akasema maneno ambayo Ilham alijifanya hakuyasikia. Wahdan aliwasikiliza wote mikono nyuma, akawajibu kuwa mtu aliyestaarabika haegeshi ndani ya safu asiyoweza kutoka. Baada ya hapo Shalabi akaacha kumwita pasha.

Mwisho Rihab alimkalisha kitako. Alikuwa ameshachumbiwa na Muataz, kijana mpole, fundi wa mitambo, na mtaa mzima ungealikwa.

"Baba, sikuombi mengi. Tukana watu, simama kwenye mizunguko mpaka uote ndevu, ni juu yako. Moja tu niahidi. Breki ya mkono. Ukiegesha safu ya pili, iache chini."

"Wakilisukuma?"

"Wakilisukuma utalikuta mbele kidogo. Niahidi."

Akamwahidi. Alimpenda mtoto wake, hata msimulizi asiyempenda yeye hawezi kumnyima hilo.

Ndoa iliwekwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, kwenye ukumbi wa msikiti mmoja Madinat Nasr, na siku yenyewe haikuwa na nafasi ya kuchezewa. Muataz alikuwa amepata kazi Kuwait na ndege yake ilikuwa jioni ileile. Cheti cha ndoa ndicho kingemwombea Rihab ruhusa ya kumfuata. Bila cheti, kijana angekwenda peke yake na asingerudi mpaka mwaka upite, na baba yake, Haji Gharib, hakuwahi kuficha kuwa mkwe aliyemtaka yeye ni binti wa ndugu yake. Mwaka mmoja unamtosha mzee wa namna hiyo kufanya kazi yake. Rihab alilijua hilo, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakula.

Wahdan yeye alijiandaa kumshangaza Haji Gharib kwa kuwahi. Alimpeleka Ilham na sanduku lake la halua mpaka saluni ya Abbasiya ambako Rihab alikuwa anapambwa. Mtaa ulikuwa mwembamba, safu ya kwanza imejaa. Akasimama safu ya pili, mbele ya Lada nyekundu iliyochakaa, yenye tasbihi inayoning'inia kwenye kioo cha ndani. Hapo hapo mzee mmoja mwenye taulo begani akamjia mbio. Kwa Wahdan wote walikuwa Shalabi.

"Frii, pasha! Mkono chini, Mungu akuweke!"

Wahdan aliikumbuka ahadi yake. Aliikumbuka sawasawa, na mkono wake ukawa juu ya breki, haujaamua. Kisha akaona, magari matatu mbele, kijeba mmoja akisukuma gari la watu kwa kukanyaga bampa na soli ya kiatu, huku anavuta sigara. Soli ya kiatu! Akaivuta breki mpaka ikalia, akatia gia, akafunga chuma chake cha njano.

"Dakika tano," alimwambia mwenye taulo, akapita.

Na kweli alidhani ni dakika tano. Lakini Rihab alitoka saluni akiwa mweupe kuanzia kichwa mpaka vidole, vigelegele vikapasuka, na mlangoni ilikuwa inamngoja Fiat ya mjomba wake Hamdi, maua yamebandikwa hata kwenye kifuniko cha tangi. Huyu Hamdi ni kaka yake Ilham, na katika vyote vya Kairo alivyovidharau Wahdan, Hamdi alikuwa namba moja. Fiat yake taa moja haikuwaka, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na mwenyewe aliendesha kwa goti huku anamenya chungwa.

"Baba, panda na mimi," Rihab alisema. "Gari lako tutalifuata baadaye. Nataka tufike pamoja."

"Mimi nitawafuata nyuma."

"Ukitufuata nyuma utafika nikiwa na wajukuu," alisema Hamdi. "Panda, shemeji. Leo tu usituaibishe."

Rihab akamshika mkono. Basi akapanda. Fiat ilipokuwa inawaka kwa mara ya tatu, binti akainama mbele, akamnong'oneza: "Uliliacha frii?"

Angeweza kushuka. Ilikuwa hatua chache. Lakini Hamdi alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho, chungwa mdomoni, na Wahdan hakuwa tayari kuchekwa na mtu mwenye mlango wa kamba.

"Ndiyo," alisema.

Wakaondoka na msafara wao, honi zikipigwa ule mdundo wa harusi unaojulikana na kila mtu. Hamdi alipanda kingo, akakata mbele ya basi, akazungumza na dereva wa lori kupitia dirishani kuhusu bei ya vitunguu huku magari yote mawili yakienda, na wakafika kabla ya wakati. Wahdan alishuka akijifuta jasho, akasema huo si udereva, ni bahati ya wajinga.

Ukumbini kila kitu kilikuwa tayari: meza, leso nyeupe, mashahidi, sharubati ya waridi. Begi la Muataz lilikuwa limesimama karibu na mlango. Aliyekosekana ni Shehe Tulba, maazuni, shehe wa serikali wa kufungisha ndoa, ambaye bila yeye na daftari lake hakuna ndoa. Wakangoja. Watu wakaanza kutazama saa zao, kisha begi, kisha saa.

Hapo Wahdan akapata jukwaa.

"Unaona, Haji?" alimwambia Haji Gharib, miguu imekunjwa nne. "Mji mzima haujui maana ya wakati. Kule kwetu, shehe akisema saa fulani, saa fulani yumo ndani. Hapa mtu anaamka anavyotaka, anaegesha anavyotaka. Shida ya nchi hii si umaskini, ni watu kutofikiriana."

"Kweli," alisema Haji Gharib bila furaha. "Na kama halikuandikwa leo, pengine Mungu hakuliandika. Mimi toka mwanzo nilisema..."

Simu yake ikalia. Ni Shehe. Haji Gharib, kwa uziwi wake, akaiweka spika, na ukumbi mzima ukasikia.

"Haji, niwie radhi! Nimenasa! Nilikuwa na ndoa Abbasiya, nimemaliza mapema, nashuka, nakuta punda mmoja amesimamisha gari mbele ya langu, amevuta breki ya mkono, kafunga usukani kwa chuma, kaenda zake! Tumesukuma wanaume sita, haliendi. Tukiligusa linapiga king'ora, mtaa wote umetoka nje!"

"Chukua teksi, Shehe!"

"Teksi gani Alhamisi hii? Na gari langu niliache, nina ndoa tatu zaidi? Nakwambia ukweli, Haji, nikichelewa hapa itabidi nianze na wale wa Shubra. Kwenu nije baada ya isha."

Baada ya isha ndege ingekuwa angani. Muataz alisimama.

"Gari lenyewe la namna gani?" Haji Gharib aliuliza, kama mtu anayetaka angalau kujua jina la aliyemsaidia.

"La rangi ya fedha, safi, limesuguliwa kama sufuria ya bibi harusi. Na nyuma, sikiliza kichekesho, Haji, nyuma ameandika kwa herufi kubwa: Ustaarabu ni kumfikiria aliye nyuma yako!"

Upande wa bwana harusi wakaangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Upande wa bibi harusi hakuna aliyecheka. Haji Gharib akamgeukia Wahdan, akitegemea mwenzake katika dharau.

"Umesikia, Injinia? Nyani haoni kundule!"

Wahdan akacheka. Ndiyo, alicheka, kicheko kifupi kikavu, akatikisa kichwa. "Watu wengine," alisema.

Alipoinua macho akakutana na ya Rihab. Alikuwa amesimama kwenye safu ya mbele ya wanawake, maua mkononi, wanja umeanza kuvuja. Alimtazama tu baba yake kama anayemtambua mtu kwa mara ya kwanza, na Wahdan alitamani kulala chini ya meza.

Hamdi akasogea, akajifanya anamrekebisha tai. Kiganja chake kilikuwa wazi, kiunoni, kwenye kivuli cha koti.

"Ufunguo, shemeji," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Nitakwenda mwenyewe."

"Wewe? Utasimama kwenye mzunguko ungoje kupishwa. Lete."

Akampa. Hamdi akatangaza kwamba anakwenda kumtoa Shehe, akatoka mbio na tumbo lake. Wahdan alimfuata mpaka ngazi za msikiti. Barabara ilikuwa ya upande mmoja, imejaa, hakuna kinachosogea. Fiat iligeuzwa ikapandishwa ukingoni, kisha ikaingia ile njia kinyume, dhidi ya magari yote, taa moja ikikonyeza, honi ikilia mdundo wa harusi. Na magari yakaanza kujibana. Mwenye lori akapanda ukingo. Mabasi yakafinyana. Mtu mmoja akashuka kabisa kwenye gari lake kuwaelekeza wengine warudi nyuma. Kila kosa alilowahi kulipigia kelele lilikuwa linatendeka pale kwa mara moja, na Wahdan Raslan, mkaguzi wa usalama, alisimama ngazini akaomba: Mola wangu, wampishe. Mola wangu, avunje sheria zote.

Kungoja kule kulimzeesha. Muataz aliliinua begi lake, akalitua, akaliinua tena. Haji Gharib alimwita pembeni, akamwambia jambo sikioni, kijana akatikisa kichwa kukataa. Akaambiwa tena, safari hii hakutikisa. Wahdan aliyaona yote mawili, akageuka tena kuitazama barabara.

Halafu honi zikasikika. Fiat mbele, Lada nyekundu nyuma, na Shehe Tulba akaingia na daftari lake kwapani, kilemba upande, jasho mpaka kwenye ndevu.

"Haraka, haraka! Walii yuko wapi?"

Wakamkalisha Wahdan mbele ya Muataz. Wakapeana mikono, vidole gumba vikakutana, Shehe akawafunika kwa leso nyeupe. Wahdan akatamka aliyotamkishwa, Muataz akakubali, na ndoa ikawa ndoa. Kabla leso haijaondolewa, Haji Gharib hakuweza kujizuia.

"Hamdi, na huyo punda umempata? Ni nani?"

Hamdi alikuwa anajipepea kwa sahani. Alimtazama shemeji yake kidogo tu.

"Ah, mgeni tu, Haji," alisema. "Si mtu wa hapa."

"Basi tumwombee!" Shehe Tulba alisema kwa furaha ya mtu aliyetoka kifungoni, akainua mikono. "Ewe Mola, barikia maarusi hawa, uwape kizazi chema."

"Amina!"

"Na yule mwenye gari la rangi ya fedha, Mola, mwondolee kiburi, na umpe akili hata ya punda, maana punda ukimsukuma anakwenda!"

"Amina!" ukumbi ulinguruma kwa kicheko.

Mkono wa Wahdan ulikuwa bado chini ya leso, umeshikwa na mkwewe, hauna pa kukimbilia. Wote walikuwa wanamtazama yeye, mzee wa shughuli, wakingoja. Na kutoka upande wa wanawake, peke yake, imechelewa kidogo, wazi kabisa, ikaja sauti ya Rihab: "Amina."

"Amina," alisema baba yake.

Muataz alipelekwa uwanja wa ndege na honi. Rihab alimkumbatia mama yake, akamkumbatia mjomba Hamdi muda mrefu, kisha akambusu baba yake mkononi, kama inavyopasa, akapanda Fiat kumsindikiza mumewe. Hamdi akautumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa Wahdan.

"Nimeliacha frii. Usipoliona pale, tazama mbele kidogo."

Wahdan akaenda Abbasiya kwa miguu. Pale mbele ya saluni gari halikuwepo. Akateremka na mtaa, akaliona mbali, kwenye kona ya duka la maharage, vijana wawili na yule mzee wa taulo wanalisukuma kwa mabega ili pikapu itoke. Alifungua mdomo. Mzee akamwona, akamtambua au hakumtambua, haikujulikana. Alikuwa ameishiwa pumzi.

"We mzee, umesimama unatazama nini? Shika huku!"

Wahdan akavua koti, akalitupia begani, akaweka viganja viwili kwenye kioo cha nyuma, juu ya maandishi yake mwenyewe, akasukuma.